Bruce Brown alisomea wapi utengenezaji wa filamu za mawimbi?

Msomaji mmoja anayejifunza upigaji picha ameniandikia baada ya kuitazama filamu ya The Endless Summer, inayowafuata vijana wawili wa California wanaozunguka dunia kutafuta mawimbi ya kutelezea kwa ubao. Ana maswali matatu. Anataka kujua Bruce Brown, aliyeitengeneza, alisomea wapi kazi hiyo. Anataka kujua mtu huyo aliishije kwa kupiga picha za watu wanaoteleza juu ya maji, kazi ambayo kwa macho yake haina mnunuzi, na kwa nini jina lake limebaki ilhali wengi waliofanya kazi ileile wamesahaulika. Mwisho anauliza kuhusu lile wimbi refu la Cape St. Francis nchini Afrika Kusini, ambalo ndilo kilele cha filamu: je, lilikuwa zuri kiasi kile, na lipo hadi leo?

Ndugu msomaji, nimefuatilia historia ya filamu za aina hii kwa miaka mingi, na nimelipenda swali lako kwa sababu jibu la sehemu ya kwanza ndilo linalofungua sehemu ya pili. Brown hakusomea popote. Chuo chake kilikuwa kumbi za shule na majumba ya mikutano ya mwambao wa California, ambako kwa miaka kadhaa alisimama usiku baada ya usiku, kipaza sauti mkononi, akizisimulia filamu zake mwenyewe mbele ya watu waliolipa kiingilio. Wanaoandika juu yake hupenda kueleza safari, jua na bahari. Mimi naamini kwamba kilichomtofautisha na wenzake kilitengenezwa ukumbini, na nitajaribu kukuonyesha jinsi kilivyotengenezwa.

Alizaliwa San Francisco tarehe 1 Desemba 1937, na alikulia Long Beach, kusini mwa California, ambako alianza kuteleza juu ya mawimbi akiwa bado kijana mdogo. Alipomaliza shule alijiunga na Jeshi la Majini la Marekani, akatumikia katika nyambizi yenye makao Hawaii, mahali ambapo kila mtelezaji wa California wa wakati huo alitamani kufika walau mara moja. Huko alinunua kamera ndogo ya mkanda wa milimita 8, akaanza kuwapiga picha watelezaji kwa nia ya kuwaonyesha rafiki zake wa nyumbani mawimbi ambayo wao walikuwa wakiyasikia tu. Nakuomba uishike nia hiyo, kwa kuwa ilibaki naye hadi mwisho: tangu siku ya kwanza alipiga picha akiwa na mtazamaji fulani kichwani, mtu aliyeketi mbali na mahali pale na ambaye angependa kuambiwa kilichotokea.

Kazi yenyewe, wakati huo, ilikuwa changa mno. Tom Blake, mtelezaji na mbunifu wa mbao, alijitengenezea kasha la kamera lisilopitisha maji mwanzoni mwa miaka ya 1930, na picha zake za Waikiki, ufuo wa Hawaii, zikachapishwa katika jarida la National Geographic mwaka 1935. Kisha akaja John Ball, daktari wa meno wa California ambaye wenzake walimwita Doc, aliyewapiga picha watelezaji wenzake kwa miaka mingi na kuzikusanya katika kitabu mwaka 1946. Hao walikuwa na riziki nyingine. Aliyeigeuza kazi hii kuwa biashara ni Bud Browne, ambaye licha ya kufanana kwa majina hakuwa na undugu na huyu wetu. Alikuwa mwogeleaji hodari na mwalimu wa shule, na mwaka 1953 alikodi ukumbi wa shule mjini Santa Monica, akaonyesha filamu yake ya mawimbi ya Hawaii kwa kiingilio cha senti 65. Ukumbi ulijaa. Kuanzia hapo ukazaliwa mtindo wa maisha ambao wachache waliufuata kwa takriban miaka kumi: majira ya baridi unakwenda Hawaii kupiga picha, ukirudi unakata na kuunganisha mikanda nyumbani, kisha unaipakia garini na kuzunguka mwambao mji baada ya mji, ukikodi kumbi, ukibandika mabango kwenye nguzo na maduka ya mbao, ukiuza tiketi mlangoni, na filamu ikianza unashika kipaza sauti na kusimulia. Mpiga picha alikuwa pia mhariri, msimulizi na mhasibu.

Hapo ndipo penye jibu la swali lako la riziki. Mnunuzi alikuwepo, naye alikuwa mtelezaji mwenyewe, ambaye hakuwa na televisheni wala jarida lililomwonyesha mchezo wake. Ndiyo maana hata jarida la kwanza kubwa la mchezo huu lilitokana na filamu: John Severson, mchoraji na mpiga picha aliyekuwa akizunguka na filamu zake kama wenzake, alichapisha mwaka 1960 kijitabu cha picha kwa ajili ya kuitangaza filamu yake mpya, na kijitabu hicho kikaendelea kutoka kwa miongo mingi kwa jina la Surfer.

Brown alipotoka jeshini alifanya kazi ya uokoaji ufuoni San Clemente, na mikanda yake ya milimita 8 ilionyeshwa katika duka la Dale Velzy, fundi mashuhuri wa mbao za kutelezea. Velzy alikuwa mfanyabiashara mwenye jicho kali. Aliona kwamba filamu nzuri ingeuza mbao zake, akampa Brown dola 5,000 atengeneze filamu kamili. Fedha hizo zilipaswa kutosha kamera, mikanda na safari ya kwenda Hawaii pamoja na watelezaji. Brown alinunua kamera ya Bolex ya milimita 16 na kitabu cha kujifunza kutengeneza filamu, na kitabu hicho alikisoma ndani ya ndege akielekea kazini. Filamu iliyotokana na safari hiyo, Slippery When Wet, ilitoka mwaka 1958, ikiwa na muziki wa jazi uliopigwa na Bud Shank.

Wewe unayejifunza ukiwa na kamera ya kidijitali ni vizuri uifahamu hiyo Bolex, kwa kuwa mipaka yake ilimfundisha mengi. Haikuhitaji betri, ndani yake mlikuwa na springi iliyozungushwa kwa mkono, na springi ikijazwa kabisa iliendesha mkanda kwa sekunde zipatazo 28 tu kwa kasi ya kawaida ya fremu 24 kwa sekunde. Ukitaka kuonyesha mwendo wa taratibu, unaongeza kasi ya fremu, na muda huo unapungua zaidi. Roli moja la futi 100 lilikwisha kwa dakika mbili na sekunde 45 hivi, na hapo mpiga picha alipaswa kujificha kivulini, kulitoa, kuweka jingine na kuomba wimbi la siku lisipite wakati mikono yake imo ndani ya kamera. Kila futi ilikuwa fedha. Kwa hiyo aliyesimama nyuma ya Bolex yenye lenzi ndefu juu ya stendi ufuoni hakuweza kuiacha kamera ikizunguka akisubiri bahati. Alilazimika kuisoma bahari, kulitambua wimbi likiwa bado kivimbe cha kijivu huko mbali, kujua ni mtelezaji yupi atalichukua na kwa upande gani, na kubonyeza sekunde moja kabla hajasimama juu ya ubao. Mtu asiyejua kuteleza hakuiweza kazi hiyo, hata angekuwa fundi wa kamera wa namna gani. Brown alikuwa mtelezaji mzuri, na katika picha zake za mwanzo unaona kwamba lenzi inafika mahali kabla ya tukio.

Kamera hiyo haikurekodi sauti. Upungufu huo, kwa maoni yangu, ndio uliomjenga.

Jaribu kuuona ukumbi wa usiku mmoja wa mwaka 1960. Projekta iko nyuma, muziki unatoka kwenye kinasa sauti kilichowekwa pembeni, na Brown yuko karibu na skrini akiwa na kipaza sauti. Watazamaji wa filamu hizi walijulikana kwa fujo. Walipiga miluzi, walikanyaga sakafu na kushangilia kana kwamba mtelezaji angeweza kuwasikia. Wimbi linapoanza kuinuka, msimulizi ana sekunde mbili tatu za kumtaja mtelezaji na kueleza kwa nini amechagua kuteremka pale alipochagua, kisha anyamaze, kwa sababu mtelezaji atakapopinda ukumbi mzima utalipuka na sauti yake itamezwa. Akisema mno, anapoteza maneno. Akisema kidogo, dada au rafiki wa mtelezaji, aliyeletwa kwa kubembelezwa na hajui chochote kuhusu bahari, hataelewa kinachoshangiliwa. Mzaha usiochekesha leo hausemwi kesho, na kipande cha mkanda kinachowafanya watu waanze kuzungumza wao kwa wao kinajihukumu chenyewe. Hakuna mwalimu wa uhariri ninayemjua anayeweza kumpa mwanafunzi somo la namna hiyo, la haraka na lisilo na huruma, na linalorudiwa kesho yake katika mji mwingine mbele ya watu wengine.

Kutokana na shule hiyo ikatoka sauti ambayo nina hakika uliisikia ulipoitazama filamu: tulivu, ya karibu, yenye mzaha wa pole, kama ya mtu anayewaonyesha wageni picha za safari yake sebuleni. Filamu za habari za wakati huo zilikuwa na wasimulizi waliotangaza kila jambo kwa ngurumo. Hollywood nayo ilikuwa imeanza kuwaonyesha watelezaji kama vijana wapumbavu wanaocheza ngoma mchangani, jambo lililomuudhi Brown sana, maana aliwajua watu hao kama wanamichezo waliotoa miaka yao kuielewa bahari. Hakuwatetea kwa hotuba. Alieleza tu walichokuwa wakifanya, kwa lugha ambayo mgeni aliielewa na mjuzi hakuionea haya.

Baada ya Slippery When Wet alitoa filamu moja kila mwaka: Surf Crazy mwaka 1959, Barefoot Adventure mwaka 1960 na Surfing Hollow Days mwaka 1961. Sitazieleza zote, ila katika hiyo ya 1961 kuna kipande ambacho kila mpiga picha wa mawimbi anapaswa kukijua. Desemba ya mwaka huo, kwenye pwani ya kaskazini ya kisiwa cha Oahu huko Hawaii, Brown alikuwa na Phil Edwards, aliyehesabiwa na wengi kuwa mtelezaji bora wa zama zake, mbele ya wimbi lililovunjika juu ya mwamba wenye kina kifupi na kujikunja kama bomba. Watelezaji walikuwa wakilipita kwa hofu. Edwards aliingia, akateleza, na Brown akanasa picha. Wimbi hilo halikuwa na jina la kudumu. Karibu na hapo kulikuwa na ujenzi wa bomba la chini ya ardhi, na rafiki yao Mike Diffenderfer alipopendekeza liitwe Pipeline, Brown alilitumia jina hilo katika filamu. Leo ndilo wimbi maarufu kuliko yote duniani. Edwards ndiye anayetajwa mara nyingi kuwa wa kwanza kuliteleza, lakini sisi tunasema hivyo hasa kwa kuwa kulikuwa na kamera ufuoni. Ikiwa yupo aliyemtangulia bila kamera, historia haikumngoja.

Mtindo wa filamu moja kwa mwaka ulianza kumchosha. Hakupata muda wa kuipa filamu umbo. Alirudi na mawimbi, akayaunganisha, akaondoka tena. Alikusanya vipande bora vya filamu zake za nyuma katika mkanda mmoja ulioitwa Waterlogged, akajipatia nafasi ya kufanya kazi ndefu zaidi. Wazo la kwanza lilikuwa kwenda Afrika Kusini na kurudi. Wakala wa safari ndiye aliyemweleza kwamba tiketi ya kuizunguka dunia nzima ingekuwa nafuu kwa dola 50 kuliko ile ya kwenda Cape Town na kurudi Los Angeles, na tofauti hiyo ndogo ndiyo iliyozaa muundo wa filamu: vijana wawili wanaolifuata jua kutoka nusu moja ya dunia hadi nyingine ili majira ya joto yasiwaishie.

Waliondoka Novemba 1963. Mike Hynson alikuwa na umri wa miaka 21 na Robert August miaka 18. Walipita Senegal, Ghana na Nigeria, wakafika Afrika Kusini, kisha Australia, New Zealand, Tahiti na Hawaii. Bajeti yote ya filamu ilikuwa takriban dola 50,000, na ufuoni mpiga picha alikuwa mmoja, Brown mwenyewe. Utakapoitazama tena, hesabu ni mara ngapi picha inapigwa kutoka ufuoni, kwenye stendi, kwa lenzi ndefu, na ni mara ngapi kamera imo majini. Utaona kwamba sehemu kubwa ni ya ufuoni. Pembe hiyo inamwezesha mtazamaji kuliona wimbi lote, mahali linapoanzia na linapoishia, na hivyo kuelewa uamuzi wa mtelezaji. Aliyekuwa akisimulia kwa ajili ya mgeni alihitaji pembe hiyo.

Hapa sina budi kusema jambo ambalo wapenzi wa filamu hii hulipita kimya. Sehemu ya Afrika ina kasoro zinazouma. Wenyeji wa Afrika Magharibi wanasimuliwa kama vichekesho, na ufuo wa Ghana unaelezwa kana kwamba mchezo wa mawimbi ulifika huko siku ile pamoja na mbao za wageni. Hilo si kweli. James Edward Alexander, ofisa wa Kiskoti aliyepita Accra katika miaka ya 1830, aliandika juu ya wavulana walioogelea hadi baharini wakiwa na mbao nyepesi chini ya matumbo yao, wakalisubiri wimbi na kurudi nalo ufuoni. Walikuwa wakiteleza pale zaidi ya miaka 120 kabla ya Brown kufunga stendi yake. Afrika Kusini nako filamu inapita katika fukwe ambazo sheria za ubaguzi wa rangi zilizitenga kwa ajili ya wazungu, na inachosema kuhusu hali hiyo ni mzaha mmoja tu wa papa na pomboo. Naipenda filamu hii na nimeionyesha mara nyingi, na kila mara nimesimama baada yake kuyaeleza haya, kwa sababu sauti ile tulivu inayotufanya tumwamini msimulizi inatufanya tumwamini hata pale asipostahili kuaminiwa. Ukumbi uliomfundisha ulikuwa wa vijana wa California peke yao, na hapakuwa na mtu wa Accra wa kunyamaza pale wenzake walipocheka.

Filamu ilianza kuonyeshwa mwaka 1964 kwa njia ileile ya zamani, ukumbi kwa ukumbi, Brown akisimulia mwenyewe. Bango lake, lililochorwa na John Van Hamersveld kwa rangi kali za waridi, chungwa na manjano, limeendelea kuuzwa hadi leo kwa watu ambao hawajawahi kuiona filamu yenyewe. Kumbi zilijaa, ukiwemo ule mkubwa wa Santa Monica. Hapo Brown akaamini kwamba filamu ingeweza kutoka nje ya ukoo wa watelezaji. Wasambazaji wa sinema walimkatalia. Walimwambia kwamba mtu anayeishi zaidi ya maili kumi kutoka baharini hatalipa kuitazama. Yeye na mshirika wake R. Paul Allen wakaipeleka Wichita katika jimbo la Kansas, katikati kabisa ya nchi, wakati wa majira ya baridi, theluji ikiwa nje. Ilijaza jumba la sinema kwa wiki mbili. Wasambazaji bado hawakushawishika. Brown akaikuza picha kutoka mkanda wa milimita 16 hadi wa milimita 35, kisha mwaka 1966 akakodi kwa fedha zake jumba la Kips Bay mjini New York. Ilionyeshwa hapo kwa wiki 47. Ndipo kampuni ya Cinema V ilipoichukua kuisambaza nchini kote, na fedha zikaja kwa mamilioni ya dola.

Nimesoma maelezo mengi yanayoita tukio la Wichita kamari. Mimi silioni hivyo. Simulizi uliyoisikia, ile iliyorekodiwa kwa ajili ya majumba ya sinema, Brown alikuwa ameshaisema kwa mdomo wake usiku mwingi mbele ya kumbi zilizojaa, huku akisikia mahali inapofanya kazi na mahali inapozama. Alijua sekunde ambayo dada wa mtelezaji angecheka. Wasambazaji waliitazama filamu katika vyumba vidogo vya maonyesho. Brown alikuwa ameitazama akiwa ameugeukia umma. Alipokwenda Kansas alikuwa na ushahidi ambao wao hawakuwa nao.

Unauliza kwa nini wengine wamesahaulika. Kwa kweli wapo waliomzidi katika mambo fulani. Bud Browne aliogelea na kamera katikati ya mawimbi makubwa ya Hawaii na kupata pembe ambazo Brown hakuzipata. George Greenough, naye wa California, aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake Australia, alikuwa mbunifu wa kiwango kingine kabisa: aliteleza kwa magoti akiwa na kamera nzito ya sinema iliyofungwa mgongoni ndani ya kasha alilolibuni, ikitazama nyuma, na akawa wa kwanza kutuonyesha kwa filamu jinsi dunia inavyoonekana kutoka ndani ya wimbi linapojikunja. Katika filamu ya Crystal Voyager ya mwaka 1973, picha zake hizo zinakwenda kwa dakika zipatazo 23 bila neno, juu ya muziki wa kundi la Pink Floyd. Ukiniuliza ni picha zipi za maji zilizonigusa zaidi maishani, nitataja hizo. Lakini Greenough alipiga picha ili aione ndoto yake mwenyewe, na aliyeketi kwenye kiti alikaribishwa kushuhudia. Brown alipiga picha kwa ajili ya aliyeketi kwenye kiti. Umma mpana ulimkumbuka yule aliyezungumza nao, huku wapiga picha wa majini hadi leo wakimtaja Greenough kama mwalimu wao.

Mafanikio hayo yangeweza kumfanya mtu atoe filamu kama hiyo kila baada ya miaka miwili. Brown aliyageuzia mgongo mawimbi. Mwaka 1971 alitoa On Any Sunday, filamu ya mbio za pikipiki iliyogharamiwa na kampuni ya mwigizaji Steve McQueen, ambaye anaonekana ndani yake akiwa mmoja tu wa waendeshaji. Ni njia ileile: kuchagua mchezo ambao umma unauona kuwa wa wahuni, kuwasogelea wanaoupenda, na kuueleza kwa sauti tulivu. Kamera ndogo zilifungwa kwenye kofia ngumu za waendeshaji miaka mingi kabla jambo hilo halijawa la kawaida, na filamu iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar katika kundi la filamu za hali halisi. Baada ya hapo alihamia shambani katika eneo la Santa Barbara, akaishi na mkewe Patricia na watoto wao, akatengeneza filamu chache tu. Mwaka 1994 alirudi na The Endless Summer II, akiwa na watelezaji wapya, Robert Weaver na Pat O'Connell. Ni filamu yenye picha nzuri kuliko ya kwanza, yenye helikopta na kamera bora, lakini mimi huiona kuwa na uzito mdogo. Haikupitia kumbi kabla ya kufika kwenye majumba ya sinema. Mwanawe Dana alifuata kazi ya baba yake. Mwaka 2002 The Endless Summer ya kwanza iliingizwa katika orodha ya filamu zinazohifadhiwa kitaifa na Maktaba ya Bunge la Marekani, na Brown alifariki tarehe 10 Desemba 2017, siku chache baada ya kutimiza miaka 80.

Limebaki wimbi lako. Lipo, na linaitwa Bruce's Beauties kwa heshima yake. Picha ulizoziona ni za kweli: siku ile wimbi lilivunjika kwa mpangilio ule, dogo, safi, likitembea kando ya miamba kwa umbali ambao kamera ya springi ilipata taabu kuufuata. Kilichotiwa chumvi ni simulizi, inayokufanya uamini kwamba huwa hivyo siku zote. Wimbi hilo ni la nadra. Linahitaji bahari kubwa kutoka mwelekeo fulani pamoja na upepo unaofaa, na watelezaji waliokwenda huko baada ya kuiona filamu wengi wao waliishia Jeffreys Bay, ng'ambo ya ghuba ileile, ambako mawimbi ni ya uhakika zaidi na mashindano ya dunia yamefanyika mara nyingi.

Limekuwa nadra zaidi tangu wakati huo, na sababu yake imo ndani ya filamu yenyewe. Yale matuta ya mchanga ambayo Hynson na August wanayavuka wakiwa na mbao zao hayakuwa mandhari tu. Upepo wa magharibi uliusukuma mchanga wake kuvuka rasi nzima na kuumwaga upande wa pili, ndani ya ghuba, na mchanga huo ndio uliotandika sakafu ambayo wimbi liliteleza juu yake. Baadaye matuta yalipandwa mimea ili yasihame, kisha nyumba zikajengwa juu yake. Mchanga ukakoma kuvuka. Fukwe za St. Francis Bay zimekuwa zikimomonyoka tangu hapo, na mahali ambapo wimbi lilipita juu ya mchanga laini sasa miamba imeachwa wazi. Ukirudi kuitazama filamu, itazame ile sehemu ya matuta kwa makini kama unavyolitazama wimbi. Brown aliipiga ili kutuonyesha umbali waliotembea, na bila kujua akawa amehifadhi picha ya kitu kilicholilea wimbi lenyewe, miaka michache kabla hakijaondolewa.